Mgeni Asiyeuliza Njia

Tangu zamani mji hujulikana kwa jina kabla ya kujulikana kwa macho. Msafiri husikia jina la bandari kwa midomo ya watu, akalihifadhi moyoni, akafunga safari kwa kulitegemea jina hilo peke yake. Akifika na kuukuta mji kama ulivyosifiwa, jina limemfaa; akifika na kukuta gofu, au akimkuta mtu mwingine ameketi mahali pa mwenyeji aliyemkusudia, jina limemhadaa. Hali hii ni ya kale, walakini katika miaka kama arobaini iliyopita imezaliwa upya mahali pasipo bahari wala barabara, yaani katika mtandao wa kompyuta.

Makala haya yanasimulia habari za mgeni wa namna moja tu katika mtandao huo: yule ambaye hakuongozwa na mtu wala hakuonyeshwa njia na tangazo, bali aliandika anwani kwa mkono wake mwenyewe, akaingia. Kwa ajili ya mgeni huyu mali nyingi ilipatikana, kesi kubwa ziliamuliwa, na sheria mpya zilitungwa. Nia yetu ni kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya mali ile ilichotwa katika hazina ambayo wachotaji hawakuiweka, nayo ni ujuzi wa maneno uliomo katika vichwa vya watu wote.

Kompyuta haina haja ya majina. Kila kompyuta iliyofungwa katika mtandao ina namba yake, na namba hiyo ndiyo anwani yake ya kweli. Lakini mwanadamu ni dhaifu wa kukumbuka namba na hodari wa kukumbuka maneno. Kwa hiyo katika ARPANET, mtandao wa utafiti ulioanza kazi Marekani mwaka 1969, kompyuta zilipewa majina. Majina hayo pamoja na namba zake yaliandikwa katika orodha moja, iliyotunzwa katika Stanford Research Institute huko California, katika ofisi iliyoongozwa na Bibi Elizabeth Feinler. Aliyetaka kuongeza kompyuta yake alipeleka habari katika ofisi hiyo, na vituo vyote vilichukua nakala ya orodha. Mtandao ulipokuwa mdogo orodha ilitosha. Ulipokua, orodha ikawa kama daftari la uzazi la mji mkubwa lililo mikononi mwa karani mmoja, ilhali watoto huzaliwa kila saa.

Mwaka 1983 Paul Mockapetris, aliyefanya kazi pamoja na Jon Postel katika Chuo Kikuu cha Southern California, alitoa mpango mwingine. Badala ya daftari moja, majina yaligawanywa kama nchi igawanywavyo katika majimbo, wilaya na vijiji, kila ngazi ikitunza habari za iliyo chini yake. Jina la mpango huu ndilo liitwalo leo jina la kikoa. Kompyuta hulifuata kutoka kulia kwenda kushoto, kama asomaye mwandiko wa Kiarabu: kwanza huuliza habari za mkia wa jina, kisha za neno lililotangulia mkia, hata ifikie namba inayotakiwa. Mwaka 1984 mikia ya kwanza ilitangazwa: com kwa biashara, edu kwa elimu, gov kwa serikali, mil kwa jeshi, na org kwa jumuiya nyingine, na kila nchi ikakubaliwa kuwa na mkia wake wa herufi mbili. Tarehe 15 Machi 1985 jina la kwanza chini ya mkia wa com liliandikishwa, symbolics.com, mali ya kampuni ya Massachusetts iliyotengeneza kompyuta.

Yafaa msomaji alishike jambo hili, maana yote yafuatayo yanalitegemea: jina lilibuniwa liwe msaada wa kumbukumbu, halikubuniwa liwe mali. Lilitolewa bure, na aliyetangulia kuliomba ndiye aliyelipata. Hapakuwa na haja ya hakimu, kwa sababu walioomba walikuwa wachache, wengi wao wanazuoni na mafundi.

Mambo yalibadilika baada ya mwaka 1991, wakati kazi ya Tim Berners-Lee, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha CERN huko Uswisi, ilipofunguliwa kwa watu wote. Kurasa za maandishi na picha zilianza kuenea, na vivinjari vya kuzisomea, kama Mosaic ya mwaka 1993 na Netscape ya mwaka 1994, viliingia katika nyumba za watu wasio mafundi. Wageni hawa wapya walifika katika mji usio na ramani. Injini za utafutaji zilikuwapo, lakini majibu yake yalikuwa kama majibu ya mtu aliyeamshwa usingizini. Basi wageni walifanya kama afanyavyo kila mwenye akili palipo giza: walibahatisha. Aliyetaka habari za kampuni alichukua jina lake, akaongeza com. Aliyetaka vitabu, maua au mkopo alichukua neno lenyewe, akaongeza com. Netscape Navigator ilifika hata kumsaidia mbahatishaji. Aliandika neno moja tupu, nayo ikamjazia yaliyopungua mbele na nyuma. Hivyo kubahatisha kukawa desturi, na desturi ikawa njia kuu.

Waliotambua mapema kwamba njia hiyo inapitwa walikuwa wachache, na wenye mali wakubwa hawakuwa miongoni mwao. Mwaka 1994 mwandishi wa habari Joshua Quittner aliuliza kama kampuni ya McDonald's imeandikisha jina lake katika mtandao. Ilikuwa haijaliandikisha. Akaliandikisha yeye, mcdonalds.com, kisha akaandika makala katika gazeti la Wired akiwauliza wasomaji alifanyie nini. Mwisho alilitoa, na kampuni ikatoa dola 3,500 kwa ajili ya kompyuta za shule moja ya Brooklyn. Kisa hiki kilichekesha, lakini ndani yake mlikuwa na onyo. Kampuni iliyojulikana na watoto wa dunia nzima ilikuwa imeuacha mlango wake wazi, na mpita njia alitosha kuukalia.

Wengine hawakuukalia mlango kwa mzaha. Dennis Toeppen aliandikisha panavision.com, jina la kampuni ya kamera za sinema, akaweka humo picha za mji mdogo wa Pana katika jimbo la Illinois. Kampuni ilipolalamika alitaka dola 13,000 ili aliachie. Mwaka 1998 Mahakama ya Rufani ya Marekani ya Mzunguko wa Tisa iliamua kwamba amekosa. Hoja moja ya mahakama yatuhusu hasa: mteja asiyeijua anwani ya kampuni hubahatisha kuwa ni jina la kampuni lenyewe, na asipoipata huenda akakata tamaa akidhani kampuni haimo katika mtandao. Kwa maneno mengine, mahakama ilimtambua mgeni asiyeuliza njia, ikasema kumzuia ni kumdhuru mwenyeji wake.

Hukumu hiyo ilihusu majina ya biashara, ambayo mwenyewe hujulikana. Swali gumu lilikuwa lingine. Neno la kawaida, ambalo kila mtu hulitumia na hakuna aliyelibuni, ni la nani? Kinywani ni la watu wote. Katika mtandao, chini ya mkia mmoja, haliwezi kuwa na wenyewe wawili. Kwa mara ya kwanza neno la lugha likawa kama kiwanja cha pembeni mwa njia panda, na viwanja vya namna hiyo havikukosa wanunuzi. Tangu Septemba 1995 kampuni ya Network Solutions, iliyokuwa na mkataba wa kuandikisha majina, ilitoza dola 100 kwa miaka miwili. Mwaka 1999 jina business.com liliuzwa kwa dola milioni 7.5.

Kesi iliyoliweka wazi swali hili ilihusu neno ambalo adabu yatuzuia kulirudia mara nyingi. Gary Kremen aliandikisha sex.com mwaka 1994, bila malipo. Mwaka uliofuata mtu mmoja, Stephen Cohen, aliipelekea Network Solutions barua ya kughushi iliyodai kwamba jina limeachwa, na kampuni ikalihamisha bila kumwuliza Kremen. Cohen akavuna. Hakuwa na haja ya kuwaita wageni. Neno lenyewe liliwaita usiku na mchana. Mwaka 2000 mahakama ilimrudishia Kremen jina lake, na mwaka 2001 ikaamuru Cohen alipe dola milioni 65. Yeye akakimbia, asikamatwe hata mwaka 2005 huko Mexico. Kremen aliishtaki pia kampuni iliyolitoa jina lake. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ilisema kwamba jina la kikoa ni mali, kama hisa ya kampuni au kiwanja, na kwamba anayempa mwingine mali ya mtu aweza kudaiwa. Mwaka 2010 jina hilo liliuzwa kwa dola milioni 13.

Tuitazame hukumu hii pande zote mbili. Kama jina lisingekuwa mali, mghushi angeondoka na mavuno, na mwenye haki asingekuwa na mlango wa kubisha. Hapo sheria ilitenda haki. Lakini thamani ile ya mamilioni ilitoka wapi? Kremen hakulibuni neno, Cohen hakulibuni, kampuni iliyowaandikisha haikulibuni. Thamani ilitokana na mazoea ya watu wengi sana, kila mmoja akiketi peke yake mbele ya kompyuta na kuandika neno alilofundishwa na lugha yake.

Mavuno yalizidi ilipopatikana njia ya kuwauza wageni hata pasipo kuwa na bidhaa. Mwaka 1998 GoTo.com, kampuni ya Bill Gross, ilianza kuwatoza watangazaji kwa kila mtu aliyebofya tangazo. Mwenye jina hakuhitaji tena duka, ghala, wala karani. Aliweka ukurasa mmoja wenye orodha ya matangazo yanayohusu neno lake. Mgeni akifika na kubofya, mtangazaji hulipa, na malipo hugawanywa kati ya kampuni ya matangazo na mwenye jina. Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji alipona kweli, lakini mgeni hakupewa hata maji ya kunywa. Alionyeshwa mlango wa mtu mwingine.

Ukubwa wa biashara hii waweza kupimwa kwa mauzo mamoja. Mwaka 2004 kampuni ya Marchex ya Seattle ilitangaza kununua hazina ya Name Development, yenye majina zaidi ya 100,000, kwa dola milioni 164. Kilichonunuliwa hasa ni mazoea ya wageni waliojiendea wenyewe. Wengine walizidisha werevu. Aliyeandikisha jina alikuwa na siku 5 za kulirudisha na kurudishiwa malipo yake. Basi waliandikisha majina kwa maelfu, wakahesabu wageni, wakabakiza yenye faida na kuyarudisha mengine. Mchezo huo ulipungua sana baada ya ICANN, jumuiya iliyoundwa mwaka 1998 kusimamia majina ya mtandao, kuweka malipo kwa warudishao majina kupita kiasi, mwaka 2008 na 2009.

Palipo mgeni anayejiendea hapakosi mtego. Mtego wa kwanza ulitegwa katika kosa la kidole. Herufi mbili zikibadilishana mahali, au moja ikidondoka, anwani huwa nyingine, na anwani hiyo nayo yaweza kuandikishwa. John Zuccarini aliandikisha maelfu ya majina yaliyokosewa hivyo. Mengine yalikuwa karibu na majina ya mambo wapendayo watoto, kama Disneyland na Teletubbies, nayo yaliwapeleka watoto kwenye picha za uchafu. Mwaka 2003 Marekani ilitunga sheria iliyolifanya tendo hilo kuwa jinai, na mwaka 2004 alihukumiwa kifungo cha miezi 30. Mgeni aliyekosea herufi moja hakuwa na hatia yoyote isipokuwa haraka, lakini haraka ile ilikuwa imekwisha kuwekewa bei.

Mtego wa pili ulitegwa na walinzi wa daftari wenyewe. Tarehe 15 Septemba 2003 kampuni ya VeriSign, mtunzaji wa mkia wa com, iliufanya mtandao ujibu kila jina lisilokuwapo kwa kumpeleka mwandikaji kwenye ukurasa wa kampuni hiyo. Kelele zilikuwa nyingi, na kwa amri ya ICANN jambo hilo likasimamishwa tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo. Mwaka 2006 likatendeka barani Afrika. Mkia wa Kameruni ni cm, na mtu aandikaye com kwa haraka aweza kuisahau herufi ya katikati. Majina yasiyoandikishwa chini ya mkia huo yalianza kuwapeleka wageni kwenye kurasa za matangazo, kwa mapatano na mfanyabiashara wa Kanada, Kevin Ham. Nchi nzima ikajikuta imeketi katika njia ya makosa ya watu wa mbali.

Kwa upande wa haki, mwaka 1999 ulileta mambo mawili: sheria ya Marekani dhidi ya wanaokalia majina ya wengine kwa ubaya, na kanuni za ICANN za kuamua magomvi bila mahakama. Kwa kanuni hizo mlalamikaji lazima athibitishe mambo matatu: kwamba jina linafanana na alama yake ya biashara hata kuchanganya watu, kwamba mwenye jina hana haki nalo, na kwamba aliliandikisha na kulitumia kwa nia mbaya. Msomaji ataona kwamba mizani hii humpima mwenye alama na mwenye jina. Mgeni mwenyewe, ambaye ugomvi wote ni kwa ajili yake, hana nafasi katika baraza.

Dola ya mbahatishaji haikudumu. Google, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilijibu maswali vizuri hata watu wakaona kuuliza ni rahisi kuliko kukumbuka. Mwaka 2008 kampuni hiyo ilitoa kivinjari cha Chrome, ambamo mahali pa kuandika anwani na mahali pa kuuliza pamefanywa kuwa pamoja. Na mwaka huohuo Apple ilifungua duka la programu za simu, mtu akaweza kuingia kwa kugusa picha asiandike kitu. Bei ya majina ikashuhudia mabadiliko haya. Mwaka 2015 Marchex ileile iliuza majina kama 200,000 kwa GoDaddy, kwa dola zipatazo milioni 28. Majina yalikuwa mengi kuliko yale ya mwaka 2004, na malipo yalikuwa chini ya sehemu moja ya tano.

Je, mgeni ameokoka? Hodari wa mitego atasema ndiyo, maana aulizaye hakosei herufi. Kuuliza si ujinga, na hatuwezi kumlaumu mtu kwa kuuliza. Lakini kuna kuuliza njia usiyoijua, na kuna kuuliza kila asubuhi njia ya nyumbani kwako. Februari 2010 watu waliotaka kuingia katika Facebook waliandika maneno yao katika Google, na jibu la kwanza likawa makala ya gazeti la mtandaoni ReadWriteWeb iliyotaja Facebook. Mamia waliingia humo, wakaona rangi zimebadilika, wakaandika kulalamika kwamba Facebook imeharibiwa. Anwani ya nyumba waliyoitaka ilikuwa neno moja walilolijua, nao walikuwa wameacha kulitumia. Aliyeacha kutumia kumbukumbu yake ameikabidhi kwa kiongozi, na kiongozi naye ana matangazo ya kuuza. Kodi ya njia panda haikufutwa. Imehamia kwa mtoza mwingine.

Habari hizi zatuhusu wasemao Kiswahili kwa namna mbili. Kwanza, nchi zetu zina mikia yake, tz, ke, ug, cd na mingine, na mkia ni amana. Zaire ilipoacha jina hilo mwaka 1997 ilipewa cd badala ya zr, na mwaka 2001 zr ikafutwa. Tangu hapo mgeni aliyeishika anwani ya zamani habishi mlango wowote. Pili, lugha yetu ina sifa ambayo Kiingereza hakina: huandikwa kama inavyotamkwa. Msikilizaji wa redio akilisikia neno la Kiswahili aweza kuliandika bila kuliona, na mtego wa tahajia hauna nafasi kubwa. Nafasi haikosekani kabisa, maana jina la kikoa la herufi zetu halipokei isipokuwa herufi, tarakimu na kistari. Kwa hiyo ng'ombe lazima aache king'ong'o chake mlangoni, na wachanganyao l na r watakwenda nyumba mbili.

Hatuna budi kujiuliza, kabla maneno hayo hayajakuwa viwanja vyote, yatakaliwa na nani na kwa faida ya nani. Neno kama elimu, afya au shamba limefanywa kuwa na maana na vizazi vya wasemaji. Atakayeliandikisha anaweza kuwa mwenye haki mbele ya sheria, na ni vyema sheria imlinde dhidi ya wezi. Lakini mbele ya lugha yeye ni mpangaji. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Neno jema litamletea wageni asiowaita, nao watafika wakiamini kwamba nyuma ya mlango mna kile kilichoandikwa juu yake. Imani hiyo hakuinunua kwa ada ya uandikishaji. Aliikopa kwa wasemaji wa lugha, na deni lake hulipwa kwa kumpa mgeni kile alichokijia.